Leonsia Niyonsaba, Aliyesikiliza Umeme Unakotembea

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Leonsia Niyonsaba, fundi umeme wa karakana ya ushirika wetu hapa Ngara, anastaafu baada ya miaka thelathini na miezi kumi na moja ya kazi. Uongozi umeniambia mimi, Projestus, niandike wasifu wake, kwa kuwa hakuna aliyefanya naye kazi muda mrefu kunizidi. Shule yangu ni fupi. Lakini mageti niliyochomelea yamesimama kuanzia hapa hadi Nyamigogo na hakuna hata moja lililolegea, kwa hiyo na maandishi haya yatasimama.

Alianza Agosti 1994, wilaya imejaa wakimbizi na pampu za maji hazipumziki. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kushika ngazi. Wiki ya pili fundi mkuu akaugua. Leonsia akafungua boksi la pampu, akachora nyaya zote kwenye kiganja chake kwa kalamu, akazifuata mmoja mmoja mpaka pampu ikawaka. Kiganja hakukinawa siku mbili. Ndivyo alivyo: ukimwambia kitu kinafanya kazi, anauliza kwa nini.

Kambi ya wakimbizi ya Lukole ilipofungwa, ushirika ukapata fremu ya chuma ya ghala. Tukaisimamisha hapa, tukaigawa kwa ukuta wa tofali, upande huu karakana na upande ule zahanati. Nguzo zote ni za chuma na zimeungana juu kwa mapao ya chuma. Hapo ndipo nilipobuni njia ya nguzo. Mashine ya kuchomelea ina nyaya mbili: mmoja unashika elektrodi, kile kijiti kinachoyeyuka, mwingine una kibanio na unarudisha umeme kwenye mashine. Kibanio kinatakiwa kibane kile unachokichomelea. Mimi nikakibana kwenye nguzo moja kwa moja, nikaunga na meza ya chuma kwenye nguzo hiyo hiyo, ukawa unachomelea popote bila kuhamisha kitu. Mafundi wakaiga, hata wa Biharamulo. Leonsia aliipinga miaka mingi. Nikamwambia mageti yangu hayajalalamika.

Mwaka juzi zahanati ikapata mashine ya kupima moyo, ile inayochora mstari kwenye karatasi. Mama Nyirabahizi wa Bukiriro, mjane anayelima maharage peke yake, akapimwa mara tatu, na mara zote tatu mstari ukatetemeka. Tabibu alikuwa mgeni wa mashine ile. Akamwambia aache jembe, ajiandae kupelekwa Mwanza. Mama akampa jirani yake Diane jembe na mbegu, na msimu ndio unaingia. Leonsia alimkuta kwenye benchi la nje, akamwamkia, akamuuliza alipimwa siku zipi na saa ngapi. Zote tatu zilikuwa siku za kazi, asubuhi, sisi tukiwa tunachomelea.

Kesho yake akaja na redio ndogo ya betri, kaiweka pasipo na stesheni, inakoroma tu. Akawa anazunguka nayo karakana nzima kaibeba kama kifaranga. Nikamuuliza amekuja kazini au ngomani.

"Choma tu, mzee," akasema. "Nasikiliza umeme wako unakotembea."

Kila nilipogusa chuma, redio ilikwaruza. Karibu na mashine nilitegemea. Lakini ilipiga kelele kwenye kila nguzo, na alipovuka ukuta kuingia zahanati, penye kitanda cha chuma cha kupimia moyo kilichoegemea nguzo, kelele ilikuwa kama ya pale nilipokuwa mimi. Akanigusisha na bolti za nguzo. Zilikuwa za moto. Umeme wa kurudi ulikuwa unajitafutia njia jengo zima.

Mimi nikashikilia langu. Nikasema moyo wa mama ni wa tabibu, haunihusu.

"Kama ni moyo, nitakuomba radhi mbele ya watu hawa," akanijibu. "Kama ni nguzo, mama wa watu anaacha shamba kwa ajili ya kibanio chako."

Jumamosi tukasimamisha kazi, akaifunga mashine upya. Aliihamishia ukuta wa mbali na zahanati, akaipa swichi yake peke yake na waya mnene unaobeba mzigo wake. Ganda la chuma la mashine akaliunga na fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini. Hiyo, alitueleza, ni ya kumlinda fundi asipigwe shoti. Kurudisha umeme wa kuchomelea siyo kazi yake. Miaka yote tulikuwa tunavichanganya. Meza akaipandisha juu ya mbao, isiguse nguzo. Nyaya mbili za kuchomelea, zilizokuwa zimetandazwa kama mitego ya sungura, akazilaza pamoja sakafuni na kuzifunga kwa utepe, mbali na nyaya za zahanati. Kibanio kikabana kazi yenyewe, shubiri moja tu kutoka elektrodi.

Jumatatu mama akapimwa tena. Leonsia alitaka nichomelee muda huohuo bila kupumzika. Nikachomelea fremu ya dirisha ambayo hakuna aliyeiagiza, elektrodi nne mfululizo, na kwa kweli sikujua niombe nini. Tabibu akatoka na karatasi. Mstari ulikuwa na vilele vilivyopangana sawasawa. Hakuridhika, akampeleka kwa daktari wa wilaya, naye akakuta moyo mzima. Mama alipita karakana kutusalimu, lakini hakukaa. Alikuwa na haraka ya kufika kwa Diane kuchukua jembe lake kabla mvua haijapita.

Tangu hapo Leonsia amefunga mashine za namna hiyo katika karakana kumi na moja, Ngara na Biharamulo, na kote alikuta kibanio kwenye nguzo. Kote aliulizwa njia hiyo ilianzia kwa nani. Hakunitaja hata mara moja. Niliambiwa na watu.

Sasa naandika mwenyewe: njia ya nguzo ilikuwa kosa, na kosa lilikuwa langu. Libaki hapa kwenye karatasi. Msinitake niliseme kwa mdomo.

Leonsia, Mama Claudia wetu, karakana nzima inakushukuru. Kapumzike kwenu Bukiriro kwa afya na amani, na wajukuu wakuulize kwa nini mpaka nawe uchoke kujibu.