Ilaisaane Kaufana Anastaafu Saa Kumi Kamili

Ilaisaane Kaufana anastaafu leo, Ijumaa tarehe 29 Novemba 2024, saa kumi kamili alasiri, baada ya kuitumikia masjala ya mahakama yetu hapa Nuku'alofa kwa miaka thelathini na moja na miezi kumi. Sherehe inaanza saa kumi na robo. Watu wengi wamenipigia simu kuuliza kwa nini isianze saa saba tukala mchana kama binadamu wengine, na kwa nini kadi ya mwaliko inakataza zawadi yoyote kupita mlangoni kabla ya saa kumi. Kadi hiyo niliiandika mimi. Sababu ipo, ila ni ndefu kidogo.

Alianza kazi kama mpiga chapa, tarehe 1 Februari 1993. Ilikuwa Jumatatu, najua kwa sababu kila mwaka ananikumbusha. Mpe tarehe yoyote, hata ya ubatizo wa bibi yako, atatazama dari kidogo kisha atakutajia siku. Hajawahi kukosea, nasi tumejaribu sana kumkamata.

Kwa wale wasiomfahamu kwa karibu, Dada Saane, kama tunavyomwita, ndiye mtu wa kwanza utakayekutana naye ukitaka kuipeleka serikali mahakamani. Umefutwa kazi kwa barua ya mistari miwili, au bodi imempa cheo mtu ambaye hata hakuomba, au mwenye nyumba amebadilisha kitasa wewe ukiwa bado sokoni: yote hupitia kwenye kaunta yake. Yeye hahukumu wala hashauri, maana sheria inamkataza. Anapokea, anasoma, anagonga muhuri na kuandika saa. Na anauliza.

Kuuliza ndiko kulikompa jina. Mwaka 1998 mwenye nyumba mmoja alileta maombi ya kumtoa mpangaji kwa sababu anafanyia mazoezi ya kwaya chumbani. Saane aliyasoma maombi yale hadi mwisho, kisha akataka kujua: wanaimba sauti gani? "Besi." Wangapi? "Wanane." Wanane katika chumba kimoja, wanakaaje? Mzee akaanza kuonyesha kwa mikono jinsi wanavyobanana, mmoja kakalia dirisha, mwingine kakalia ndoo, hadi akacheka mwenyewe, akakunja karatasi zake akaenda zake. Nasikia sasa ni besi wa tisa.

Lakini msidhani ni mtu mwepesi. Ana sheria moja ambayo imetutesa sote, na nitaitaja hapa kwa kuwa leo hawezi tena kuniandikia onyo: fomu yenye kisanduku kitupu haipokewi. Hata kimoja. Hata kile ambacho hakuna jaji aliyewahi kukitazama. Kama jibu halipo, andika halipo, lakini andika. Nilimwona akimrudisha babu mmoja hadi Kolovai, njia nzima, kwa sababu hakujua jina la kati la mpangaji wake. Jambo lile liliniudhi, na bado linaniudhi. Mwaka 2009 alipoteuliwa kuwa mkuu wa masjala, barua ya uteuzi wake ikaja na kisanduku kimoja kitupu. Akairudisha. Akakaa wiki sita bila cheo akisubiri barua iliyojazwa yote, huku sisi tukimwomba kwa jina la Mungu aikubali.

Januari 2022, majivu ya volkano yalipofunika mji na mawasiliano na dunia kukatika, tulimkuta kauntani na ufagio siku ya tatu, kitambaa mdomoni, akifuta jalada moja moja. Hakuna aliyekuja kushtaki wiki ile. Hata hivyo aligonga muhuri wa tarehe kwenye daftari kila asubuhi, ili kusiwe na siku tupu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Oktoba 2004 mimi nilikuwa na miezi miwili tu kazini, meza yangu iko nyuma ya kaunta. Akaingia mwanamke aliyevaa ta'ovala ya mkeka kiunoni kama anakwenda msibani, mkononi kashika bahasha. Alikuwa Hingano Palu, mkunga. Machi mwaka ule alikuwa ameteuliwa kwa mkataba kuwa mkunga mkuu wa zahanati moja upande wa mashariki wa kisiwa, na pamoja na kazi akapewa nyumba ya serikali iliyo jirani na zahanati. Alihamia humo na mama yake, Mama Toakase, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumsaliti. Septemba ikaja barua kutoka ofisi ambayo sitaitaja. Ilisema mkataba wake ulitiwa saini tarehe 14 Machi 2004, siku ya Jumapili. Na kwa kuwa katiba yetu inafuta kila mapatano yanayofanywa siku ya Sabato, basi mkataba haukuwahi kuwepo. Bila mkataba hakuna uteuzi, na bila uteuzi hakuna nyumba. Atoke ndani ya wiki sita. Mtu mwingine alikuwa ameshaandaliwa kushika nafasi yake, na kila mtu alijua ni ndugu wa nani.

Hingano alikuwa ameijaza fomu vizuri sana, kwa mwandiko wa mtu anayeandika uzito wa watoto. Saane aliisoma polepole, kisha akaweka kidole mahali.

"Hapa hujajaza. Mahali mkataba ulipotiwa saini."

"Dada, mahali panahusu nini? Wao wananipigia kelele za siku."

"Mimi siulizi kwa ajili ya kesi yako. Nauliza kwa ajili ya kisanduku."

Hingano alikuwa hajalala vizuri kwa wiki kadhaa, na ilionekana. Akapandisha sauti. "Mama yangu ataondolewa nyumbani kwa machela, wewe unaniletea habari za visanduku! Sijui ulitiwa saini wapi. Bahasha ililetwa na ndege, mimi nikaweka saini yangu Jumatano, basi!"

"Ndege kutoka wapi?"

"Pago Pago. Mkurugenzi alikuwa na mkutano kule."

Saane akainua macho. Akatazama saa ya ukutani, halafu kalenda iliyo chini yake, halafu tena saa. Nilidhani anahesabu muda wa kufunga. Kisha akamsukumia Hingano kalamu.

"Basi andika hivyo."

Hingano akaandika, muhuri ukagongwa. Alipotoka, nilimuuliza Saane kulikoni. Hakunijibu, yeye hajibu, huuliza. "Pago Pago sasa hivi ni saa ngapi?" Nikasema saa hizi hizi, sawa na zetu, maana shangazi yangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki kule na hunipigia simu. "Na leo kule ni siku gani?" Nikahesabu kwa vidole: kule bado ilikuwa jana.

Wengi wenu mna ndugu kule, kwa hiyo mnalijua hili, ila mtu hulisahau: mstari wa tarehe umepita katikati yetu. Saa zetu zinalingana, siku zetu zinapishana. Ukitoka hapa Jumapili unashuka kule Jumamosi, na saa yako ya mkononi haina haja ya kuguswa. Ndiyo maana ni rahisi mno kusahau kuigusa tarehe.

Shauri lilisikilizwa Novemba. Wakili wa serikali alisimama akiwa na mkataba mkononi na furaha usoni, akaisoma tarehe, akaomba wote tuikubali kuwa Jumapili. Tuliikubali. Mama Toakase alikuwa ameletwa, amekaa benchi la nyuma na mto wake. Jaji akapekua fomu ya maombi, akafika kwenye kisanduku cha mahali, akakisoma mara mbili. Akaagiza mkurugenzi aliyetia saini aitwe. Alikuwa Bwana Semisi Lolohea, wakati huo ameshastaafu, mtu wa haki kabisa, na alikuja na pasipoti yake.

Jaji alimuuliza, "Siku uliyotia saini, ulikwenda kanisani?"

"Hapana, mheshimiwa. Nilikwenda kesho yake."

"Kesho yake ilikuwa siku gani?"

Bwana Lolohea akatazama saa yake ya mkononi, kama vile bado inaonyesha siku ile. "Jumapili, mheshimiwa."

Wakili wa serikali akaruka. "Kwa hiyo shahidi anatuambia wiki ile ilikuwa na Jumapili mbili!"

"Ndugu yangu," mzee akajibu, "hii saa niliifunga nyumbani, ikabaki na tarehe ya nyumbani. Mimi niliandika ilichoniambia. Lakini kanisa la kule lilikuwa limefungwa na soko liko wazi. Nilinunua magimbi."

Watu walicheka hadi karani akagonga meza. Jaji hakucheka. Aliandika kwamba mtu huishika Sabato pale miguu yake ilipo, na miguu ya Bwana Lolohea ilikuwa Pago Pago, siku ya Jumamosi. Mkataba ukawa halali, uteuzi ukarudi, na amri ya kuhama ikafutwa. Nilimtafuta Saane kwa macho. Alikuwa mlangoni na majalada ya kesi inayofuata, uso mkavu kabisa. Ila nilimwona akipangusa jicho kwa kona ya jalada, na akikana leo atakuwa anadanganya.

Wiki iliyofuata Hingano na mama yake walikuja na kikapu: viazi vikuu, lū ya nyama iliyofungwa kwa majani, na mkeka mpya juu. Saane alikataa. Hapa kwetu, kukataa zawadi ya mama mzee mbele ya watu ni afadhali umpige kofi.

"Mama, nisamehe sana," alisema, na alikuwa amepiga magoti. "Nikipokea hiki, atakayeshindwa kesho ataiona kaunta hii kwa jicho gani?"

Mama Toakase alimtazama. Hakukasirika. Nadhani alitaka kujua mtu huyu ametengenezwa kwa kitu gani. "Kwa hiyo utapokea lini?"

"Siku nitakayostaafu."

"Siku gani hiyo?"

Saane akatazama dari. "Tarehe 29 Novemba 2024, nikitimiza sitini. Itakuwa Ijumaa. Saa kumi alasiri."

Tulicheka sote, isipokuwa mama. "Mimi sitakuwepo," alisema. "Lakini zawadi itakuwepo."

Basi alikwenda nyumbani, kwenye nyumba ile ile, akaanza kutengeneza ngatu ya zawadi. Alikuwa na sebule yenye sakafu ndefu ya kutosha kutandaza kitambaa cha magome, na alikuwa na muda. Aliponda magome akiwa amekaa, miguu imenyooshwa. Majirani wanasema mlio wa nyundo yake ulisikika kila siku isipokuwa Jumapili. Hingano alimsaidia kuunganisha na kupaka rangi akitoka zamu. Mama alifariki mwaka 2011, kitandani mwake, katika nyumba ambayo ilisemekana haikuwahi kuwa yake. Hingano akamalizia kilichobaki, akakikunja, akakiweka juu ya kabati. Kila mwaka anakianika.

Mwezi uliopita alinialika nikione. Ni kirefu kuliko masjala yetu. Kina miraba myeusi na ya kahawia, safu kwa safu, yote imejaa michoro. Yote isipokuwa mmoja. Karibu na ukingo kuna mraba mweupe kabisa, mstari umeuzunguka pande nne, ndani hamna kitu. Nilidhani Hingano amesahau. Alicheka hadi akakaa chini.

"Mama ndiye aliyeacha," alisema. "Alinikataza kabisa nisiuguse. Alisema, 'Yule mwanamke wa visanduku aje akijaze mwenyewe.'"

Dada Saane, programu hii inagawiwa mlangoni kuanzia saa kumi na dakika kumi, kwa hiyo kama umefika hapa, wewe si mtumishi wa mahakama tena, na hakuna kesi ambayo kitambaa hiki kinaweza kuipinda. Kimetandazwa ukumbini nyuma yako. Ndiyo maana tuliwakalisha wote mkiangalia upande wa barabara. Hingano amekaa karibu na ukingo. Bakuli la koka, rangi ya kahawia ya kuchorea ngatu, na brashi viko mezani.

Tunakushukuru kwa kila muhuri uliogonga kwa saa yake, kwa kila swali, na hata kwa kunirudishia fomu yangu ya likizo mara nne. Tunakuombea siku nyingi, kila moja na jina lake, na usingizi mzuri Jumatatu asubuhi wakati sisi tunafungua kaunta bila wewe. Tutakukosa vibaya.

Geuka sasa. Kuna kisanduku kitupu, na kwa sheria yako mwenyewe hatuwezi kukuruhusu uondoke kabla hujakijaza.

Viliami Otuhouma,
kwa niaba ya masjala