Theluji ya Sabah

Jumanne, 14 Aprili 2026, manyunyu. Kwenye feri ya Likoni, mzee mmoja alimlalamikia mama muuza barafu: "Binti yangu Sabah yuko Ujerumani. Asema theluji yaanguka, na kipimo cha joto chaonyesha nyuzi tatu. Maji huganda kwenye sufuri! Nimemwita mwongo, nikamkatia simu."

Mimi, mwanafunzi wa masomo ya jioni, nilimwomba Mungu wasiniulize.

Mama akamjibu: "Mawinguni ni chini ya sufuri, baba. Theluji hugandia huko, ikafika chini kabla haijayeyuka. Barafu zangu zatoka Mtongwe kwa tuktuk na joto hili, mbona hazijawa maji?"

"Wewe wapanda tuktuk. Theluji yapanda nini?"

"Yaanguka tu. Na Sabah bila shaka analia, umemwita mwongo."

Feri ikatia nanga. Mzee akapaza sauti: "Jamani, nyote mashahidi! Theluji bado siielewi, lakini nikishuka nampigia mwanangu nimtake radhi, wallahi."