Maisha ya Aune Salmela, Aliyeitwa Bibi Timazi

Mchungaji, Lempi na wanao, majirani wa Pohja, na ninyi mliosafiri kutoka Port Hadley ambao, tukisema ukweli, hatukujua kama mtakuja, familia imenituma mimi Reino Rautio, kitinda mimba wa nyumba yetu, niwasomee maisha ya dada yangu, na imenitaka niyasome yote, pamoja na yale yaliyoandikwa magazetini na kuchorwa katika vitabu vya katuni, kwa kuwa hakuna mtu humu kanisani asiyeyajua.

Marehemu Aune Senja Salmela alizaliwa tarehe 9 Februari 1931, hapa hapa Pohja, katika rasi ya Keweenaw, kaskazini mwa Michigan, akiwa mtoto wa pili wa mzee Urho Rautio, mchimba shaba wa mgodi wa Northgate, na mkewe Senja, na alizaliwa ndani ya sauna ya nyumbani, kibanda chetu cha kuogea mvuke, kama sisi sote, theluji ikiwa imefika madirishani, na mkunga, Bi. Hilja, alimpima mara mbili kwenye mizani ya samaki, akatikisa kichwa, akamwambia mama, "Senja, ama mizani yako imekufa, ama huyu mtoto hajafika bado."

Mama alimfunga kitandani kwa shali, si kwa kuogopa ataanguka, bali kwa kuogopa atapanda, na majirani waliokuja kunywa kahawa mchana walimkuta amelala juu ya blanketi bila kuligusa, nywele zake zimetawanyika kama za mtu aliyezama majini, naye anapumua vizuri tu, na baada ya muda hakuna aliyeshangaa tena, maana watu wa migodini wamezoea kuwa ardhi ina mambo yake.

Alianza shule ya msingi ya Pohja mwezi wa Septemba 1937, chini ya mwalimu Bi. Pruitt, ambaye hakujua neno moja la Kifini, lugha ya wazazi wetu, nao watoto hawakujua lolote la Kiingereza, na ilikuwa katika darasa hilo, siku moja ya mvua, wino ulipotoka kwenye vidau vyote kwa pamoja, ukapanda matone kwa matone, ukakaa juu ya vichwa vya watoto kama kundi la ndege wadogo wanaofikiri pa kwenda, na Bi. Pruitt, ambaye familia itamkumbuka daima kwa heshima, hakupiga kelele wala hakushika fimbo, alisema tu, "Aune, teremsha huo wino, na usimwage," naye akauteremsha, kila tone kidauni mwake. Jioni baba alimkalisha magotini, mikono yake bado ina vumbi la shimoni, akamwambia, "Mwanangu, usinyanyue kitu ambacho mwenyewe hajakuomba." Alilitii agizo hilo kwa miaka ishirini na mitano.

Alimaliza masomo ya darasa la nane Juni 1945, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika nyumba ya udobi ya kampuni ya Northgate, alikofua nguo za wachimbaji na kuzianika bila kamba, mashati mia kadhaa yakisimama hewani juu ya uwanja, yakigeuka taratibu kuelekea jua, na zamu ilipokuwa ikitoka shimoni alisimama mdomoni mwa mgodi akiwasubiri, na wachimbaji walisema safari ya mwisho ya kupanda ilikuwa kama kusinzia, huhisi lifti wala mgongo wala umri wako.

Tarehe 20 Juni 1953 alifunga ndoa katika kanisa hili na Bw. Toivo Salmela, mchimbaji na mpiga kodiani, na wazee mliokuwepo mnakumbuka dansi ya harusi ile, jinsi viatu vyetu vilivyoacha sakafu katikati ya wimbo bila mtu kutambua, tukazunguka na kuzunguka chini ya dari, bibi harusi amefumba macho, hadi Toivo alipoita kutoka chini, "Aune, mke wangu, washushe watu, wamenipotezea mdundo!" Mwenyezi Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Lempi, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1954, mwenye uzito wa kawaida, na mama yake alilia kwa furaha aliposikia.

Sasa nafika mahali pagumu, na naomba mnivumilie.

Mwezi wa Agosti 1962 kampuni ilitangaza kufunga mgodi, na kwa kuwa nyumba zetu zilisimama kwenye ardhi ya kampuni, ilitangaza pia kwamba zitabomolewa kabla ya Krismasi, na mwanzoni mwa Oktoba Aune alikwenda ofisini kwa meneja, Bw. Prescott Lyle, amevaa koti lake la kanisani, akamwomba atuachie angalau msimu wa baridi upite. Bw. Lyle alimjibu bila kuinua kichwa, "Bi. Salmela, nyumba si zenu. Nyumba ni za ardhi, na ardhi ni yetu." Aune akasema, "Basi tuone ardhi inashika nini," akatoka nje, akavuka barabara, na ofisi ya kampuni, matofali yake, ngazi zake, bendera yake na watu waliokuwamo, iling'oka mahali pake kama jino la mtoto, ikapanda hadi usawa wa mnara wa kanisa, ikatulia.

Ilikaa huko siku mbili, ikielea katika ukungu wa Oktoba, na mwanzoni hakuna aliyeumia, na wake wa makarani walileta vikapu vya chakula, pasti za unga zilizojazwa nyama na viazi, mkate wa iliki, kahawa kwenye chupa, na Aune alivipandisha kimoja kimoja hadi madirishani, na kwa muda ule, Mungu atusamehe, kijiji kizima kilikuwa na furaha, tulikaa nyasini tukitazama juu kama watu walioota ndoto moja. Siku ya pili mchana, tarehe 5 Oktoba, karani mmoja, Bw. Leland Coombs, alikiona kikapu alichotumiwa na mkewe Dorothy kikipanda polepole, kikipinda kidogo upande na kusimama mbali na mkono wake, akacheka, akawaambia wenzake, "Jamani, hapa hata mtu haanguki," akatoka dirishani kukifuata. Aune alikuwa anakitazama kikapu.

Hatutasema hapa kwamba kifo kile hakukikusudia, kwa sababu Bi. Coombs alishatuambia zamani kwamba neno hilo halimsaidii chochote.

Aliiteremsha ofisi mahali pake bila kuvunja kioo kimoja, akambusu Lempi aliyekuwa na miaka minane, akaondoka kwa miguu kuelekea kusini, na kutoka mwaka huo hadi 1971 aliishi Port Hadley, ambako alijishonea gauni la zambarau lenye mabega mapana, na magazeti yakampa jina la Bibi Timazi, kwa kuwa alining'iniza miji kama fundi anavyoning'iniza timazi yake. Miaka mingi baadaye Lempi alimuuliza kwa nini hakurudi nyumbani, akajibu, "Mwanangu, walishaniita muuaji, nikaona heri niende mahali ambapo jina hilo lina kazi."

Alifanya maovu, nasi hatuyafichi. Alizing'oa treni kwenye reli na kuziacha juu ya ziwa, abiria wakitazama samaki chini yao, alilipeleka jengo la wakurugenzi wa Northgate mawinguni kwa wiki nzima, wakarudi wamechanganyikiwa, wengine hawakupona, na asubuhi moja aliufanya mji mzima kuwa mzito, watu wakashindwa kuinuka vitini, vikombe vikashindwa kuondoka mezani, hata moshi ukalala barabarani kama mbwa, na wapo humu leo wanaotembea kwa fimbo tangu asubuhi ile, na familia inawaomba radhi mbele ya jeneza hili. Aliyepambana naye miaka yote alikuwa Kapteni Mwale, aliyekuwa akiruka kwa nguvu zake mwenyewe, na walioshuhudia vita vyao juu ya ziwa husema havikufanana na vita, vilikuwa kama watu wawili wanaotafutana ndani ya usingizi, wakigusana na kuachana, huku maji yakipanda kuwatazama.

Tarehe 12 Julai 1971 aliliinua daraja kuu la Port Hadley, akakaa juu yake, na askari, mizinga na Kapteni mwenyewe wakashindwa kumfikia, mpaka akatokea msichana wa miaka kumi na saba, aliyesafiri na basi kutoka hapa, akasimama ukingoni mwa mto, akaita kwa sauti ya kawaida ya kumwita mtu aje kula.

"Mama, shuka."

"Nikishuka watanifunga, Lempi."

"Watakufunga. Lakini nitajua uliko."

Magazeti yaliandika kwamba Kapteni Mwale alimshinda, na vitabu vya katuni vikachora ngumi, lakini yeye mwenyewe Kapteni, kila alipoulizwa, alisema hakuwa na mkono katika jambo lile.

Alitumikia kifungo cha miaka kumi na minane, na muda wote huo alijifanya mzito kwa hiari yake, akitembea kama mtu aliyebeba mifuko ya mchanga, na hakuinua hata unyoya, ingawa wafungwa wenzake wa jengo lile walisimulia kwamba kila mmoja wao alikuwa akiota anaelea. Shemeji Toivo alikwenda kumtembelea kila mwezi, na kwa kuwa walimkataza kuingia na kodiani, alimpigia wimbo kwa vidole juu ya meza, na hakuomba talaka, na watu walipomshauri aombe alisema, "Niliahidi kanisani. Sikuuliza ni kwa muda gani."

Aliachiliwa Septemba 1989, kwa sharti la kutotumia tena nguvu zake maisha yake yote, na Kapteni Mwale akapewa kazi ya kuja kumkagua kila mwaka. Alizikuta nyumba zetu bado zimesimama, kwa maana baada ya ile Oktoba kampuni iliogopa kurudi, na kisha ikafilisika, kwa hiyo watu wote wa Pohja walikuwa wanalala chini ya paa zilizobaki kwa ajili yake, na hakuna aliyejua aseme nini juu ya hilo, kwa sababu nyumba ya tatu kutoka kanisani alikuwa anakaa Dorothy Coombs, peke yake.

Miaka mitano Bi. Coombs alivuka barabara kila alipomwona. Halafu magoti yakamshinda, naye ni mwanamke wa umbo kubwa, na ngazi za kanisa letu mnazijua zilivyosimama, na Jumapili moja ya Novemba 1994 alikwama katikati, akakataa mkono wa kila mtu, amejishikilia kwenye chuma, jasho linamtoka katika baridi, na Aune alikuwa chini kabisa, amesimama mbali kama kawaida yake, na Bi. Coombs akageuza kichwa.

"Wewe."

"Naam, Bi. Coombs."

"Usiniguse. Nipunguze uzito tu."

"Nimekatazwa. Nikifanya hivyo watanirudisha ndani."

"Najua. Sijakusamehe. Nipunguze, nachelewa kuimba."

Na sisi tuliokuwa mlangoni tulimwona Dorothy Coombs akipanda ngazi zile kama msichana, koti limejaa upepo, vidole vya miguu vinagusa jiwe kidogo tu, uso wake umekasirika vile vile. Jumapili iliyofuata Kapteni Mwale alikuwepo kwa ukaguzi wake, tayari mzee, mwenyewe haruki tena, akamwona Bi. Coombs anapita juu ya theluji bila kuacha alama, akaniambia, "Yule mama ana miguu mizuri kwa umri wake," akaandika kwamba hakuona lolote. Tangu hapo, kila Jumapili kwa zaidi ya miaka kumi na saba, hata wiki aliyomzika Toivo mwaka 1996, Aune alisimama chini ya ngazi, na hawakuwahi kunywa kahawa pamoja, wala kusalimiana barabarani.

Marehemu alianza kuugua moyo mwishoni mwa mwaka jana, akalazwa hospitali ya wilaya tarehe 2 Machi 2012, na huko nguvu zake zikaanza kumtoka bila yeye kutaka, vijiko, ndala na maua yakawa yanazunguka chumba taratibu, maji yakitoka kwenye glasi na kukaa hewani yakimeta, na wauguzi wakijivuta kwa kushika vitanda kama waogeleaji. Siku ya mwisho alimshika Lempi mkono, akamuuliza, "Nani atampandisha Dorothy Jumapili?" Lempi akamwambia, "Tutaona, mama. Wewe lala." Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 17 Machi 2012, na kila kitu chumbani kilishuka kwa utulivu, na hakikuvunjika hata kimoja. Ameacha mtoto mmoja na wajukuu watatu.

Familia inamshukuru Daktari Whitcomb na wauguzi wake kwa kutoogopa, majirani wa Pohja kwa kuni na chakula, wafanyakazi wenzake wa udobi walio hai, na Kapteni Mwale, aliyeketi kiti cha nyuma, kwa macho yake mabovu. Tunawashukuru pia nyote kwa subira, kwani ibada ilipangwa kuanza saa nne na mmekaa hadi saa tano bila kuambiwa sababu. Sababu ni kwamba Bi. Dorothy Coombs, mwenye miaka themanini na tisa, alikuwa anapanda ngazi, na alikataa kubebwa, akakataa kiti, akakataa mkono wa Lempi, akapanda na uzito wake wote, akipumzika kila ngazi, na alipofika mlangoni alivuta pumzi, akatutazama, akasema, "Haya, anzeni. Mnamsubiri nani?"

Dada Aune, lala. Ardhi sasa imekushika, nayo ikushike kwa upole.