Friji ya Masista

Kwenye basi la kutoka Likasi, mama Adrienne alimwambia kijana wa maabara aliyeketi naye kwamba anakwenda Lubumbashi kumwona binti yake, Deborah. Mtoto ana kisukari na anakaa kwa masista, ambako friji ya insulini haizimiki. Nyumbani kwao umeme hukatika kila mara, ingawa nyaya kutoka bwawa la umeme la Mwadingusha zinapita juu ya paa.

“Ni minye nilimupatia sukari mingi,” alisema.

“Hapana, mama. Mu mwili muko basoda, ni baaskari ba kutukinga. Banatumiana protini, ni kama bujumbe. Kwa Deborah bujumbe ilikosea, basoda bakapiga pankreasi, kwenye insulini inatokea.”

“Na hakuna muntu wa kubaambia baache?”

“Kuko dawa ya kuchelewesha, mbele bugonjwa ianze. Ya kuponya, bangali banatafuta.”

Maelezo yalikuwa mazuri. Mama aliyasikiliza yote, kisha akageukia dirisha.

“Hata basoda bakiendelea kupigana,” alisema polepole, “minye nataka tu alale kwangu. Kitanda yake ningali natandika kila asubui.”

Basi lilisimama Lubumbashi. Mama akawa wa kwanza kushuka.