Gunnvor Relling, Mtunzi wa Tenzi na wa Vichekesho

Gunnvor Relling alizaliwa hapa Valldal, Norwe, tarehe 14 Machi 1941, binti wa seremala Anders na mkewe Jorunn. Baada ya shule ya hapa kijijini alisomea ualimu katika mji wa Volda, akahitimu mwaka 1963.

Alifundisha miaka minne tu, kisha akaanza kuandika, na hapo ndipo sisi wa nyumbani tulipoanza kuchanganyikiwa. Aliandika hadithi za watoto, riwaya za mauaji kwa jina la kiume, tenzi tunazoimba katika kanisa hili, na mchezo wa redio uliowacheka wachungaji hadi baadhi yenu mkazima redio.

Mwaka 1966 aliolewa na Torleiv, mkulima wa stroberi. Kiangazi kimoja mama mmoja aliyekuja kununua stroberi alimshukuru Gunnvor kwa utenzi uliomfariji alipofiwa. Wakalia pamoja. Mgeni alipoondoka, Gunnvor aliingia ndani kuendelea kuandika mchezo wake wa redio, akicheka peke yake.

"Mke wangu, yale machozi yalikuwa ya kweli?" Torleiv alimuuliza.

"Ya kweli kabisa."

"Na hicho kicheko?"

"Nacho pia. Kwani vipi?"

Torleiv alirudi shambani akitikisa kichwa.

Mwaka jana Gunnvor aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Mimi Solfrid, binti wa kaka yake, nilimuuguza.

"Shangazi, tukuzike kwa ibada ya kanisani? Unaamini au huamini?"

"Nikiandika utenzi, naamini. Nikiandika mchezo, siamini hata chembe."

"Lakini sasa huandiki chochote."

"Ndiyo maana hata mimi sijui, mwanangu. Hebu niletee kahawa."

Alifariki nyumbani tarehe 9 Februari bila kunijibu. Watoto wake wakagombana.

"Kumpeleka kanisani ni kumfanyia mzaha!" alisema Eldar.

"We Eldar, umewahi kusoma utenzi wake hata mmoja?" Åshild alimjibu.

Baba yao akawanyamazisha: "Nimeishi naye miaka yote hii na sijamjua, sembuse nyie. Ataimbiwa utenzi wake. Atakayetaka kucheka, acheke. Mimi nitalia na nitacheka."

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na sisi tuliobaki tukiulizana tumempoteza nani.

Mungu, ikiwa ndivyo alivyotaka yeye, ampumzishe kwa amani.