Auleria Nabwire Kovalenko, Jina Lililokosa Ubao

Padre, Mjomba Zedekiya, majirani zetu wa Al Baraha hapa Dubai, wafanyakazi wenzake mama mliobadilishana zamu ili mfike ibadani Ijumaa hii, na wewe Kaka Dmytro uliyejikalisha benchi la mwisho kana kwamba umealikwa kimakosa, mimi ni Rosette, mtoto wa pekee wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake. Kabla sijafika alikozaliwa, tazameni karatasi mliyoshika, ile yenye picha yake amejifunga kitambaa cha bluu, mtaona imeandikwa Auleria Nabwire Wandera, basi, imekomea hapo. Mimi nitasoma jina zima, Auleria Nabwire Kovalenko, na atakayekereka anivumilie mpaka mwisho, kwa maana hoja yangu ninayo na sitaificha.

Auleria alizaliwa tarehe 14 Agosti 1969 huko Funyula, Samia, wilaya ya Busia wakati ule, akiwa wa tatu katika watoto sita wa Mzee Ladislaus Wandera na Mama Getrude Taaka, akapewa jina la Nabwire kwa sababu aliingia duniani usiku, na boma alilokulia lilijulikana soko zima kwa jina moja tu, kwa mhunzi, kwa kuwa babu yake, Makokha, alikuwa mfua majembe, na mivukuto yake ya kupulizia moto ilikaa darini miaka mingi baada ya watu kuanza kununua majembe ya dukani. Naomba hilo neno mhunzi mlihifadhi, nitalirudia.

Alianza shule ya msingi hapo nyumbani mwaka 1976, akaingia sekondari mwaka 1983, akafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1986, kisha akasomea kazi za hoteli mjini Kisumu, akapata ajira huko huko kama mtandika vitanda, na tarehe 2 Februari 1994 akatua Dubai kufanya kazi katika idara ya dobi ya hoteli moja pale Al Rigga, ambako amefanya kazi hadi siku aliyoanguka.

Katika chumba hicho cha dobi, chenye joto ambalo wenzake walioko hapa wanalijua kwa ngozi zao, ndimo alimokutana na baba yangu, Petro Kovalenko, fundi wa mashine za mvuke kutoka Poltava, Ukraine, ambaye mama alisema alikuja kutengeneza boila moja na akawa anairudia kila wiki ikiwa nzima. Walifunga ndoa kanisani hapa Dubai tarehe 27 Oktoba 1995, nami nikazaliwa tarehe 3 Juni 1997, na Desemba 1999 baba alifika Funyula, Mjomba, ulikuwepo, alikula obusuma, ugali wetu, kwa mkono, akapanda darini kuona mivukuto ya babu, akashuka na masizi mpaka kwenye nyusi, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Kumbe mimi nimeoa nyumbani." Mlicheka, mkadhani lugha imemshinda. Haikuwa imemshinda.

Sasa niwaeleze jina hili, kwa sababu nimechoka kulisikia likisemwa kama ugonjwa. Koval kwa Kiukraine ni mhunzi, na ile -enko inayofuata ni mtoto wa fulani, kwa hiyo Kovalenko ni mtoto wa mhunzi, halina zaidi ya hapo. Kila kijiji kilihitaji mtu wa kupiga misumari, viatu vya chuma vya farasi na jembe la kukokotwa, na majina ya ukoo yalipoanza kuandikwa na kushikiliwa, watoto wa mhunzi wa kijiji hiki wakaitwa Kovalenko, na wa kijiji cha kule wasichojuana nacho wakaitwa Kovalenko, ndiyo maana leo ni miongoni mwa majina yaliyoenea kabisa Ukraine, na majirani zao wana ya kwao, Warusi wana Kuznetsov, Wapolandi wana Kowalski, Wakroati wana Kovač, wote wahunzi, wote wametoka kwenye mikaa. Kwa hiyo Kovalenko wawili wakikutana Dubai hawana undugu wowote zaidi ya mafundi cherehani wawili waliokutana Kariakoo. Sisi Wakenya tunakosea hapo, tukisikia majina mawili yamefanana tunauliza mara moja, wa nyumba gani, na ofisi za hapa nazo zilikosea hapo hapo, na kosa hilo lilimwibia mama yangu siku tatu za mwisho.

Baba alifariki tarehe 11 Machi 2009 kwa ugonjwa wa moyo, akazikwa kwao, na mama akabaki na jina. Alilibeba kila mahali alipotakiwa kuonyesha kitambulisho, na kila mahali kulikuwa na mtu wa kumtazama usoni, akatazama kadi, akamtazama tena, akauliza mwenyewe yuko wapi, naye alikuwa akijibu bila kupandisha sauti, "Kovalenko ni mimi, kijana, picha hiyo si ya jirani." Hotelini msimamizi mmoja, simtaji, madam mwenyewe anajijua, alikataa kumwandikia Auleria Kovalenko kwenye beji, akasema, "Wageni watachanganyikiwa, mama, tutaweka Ollie, ni fupi, ni tamu." Ollie. Mwanamke wa miaka arubaini na ushee, mjane, mzazi, akatembea na Ollie kifuani kama jina la paka, na pole pole Ollie likahama kutoka kwenye beji hadi kwenye orodha ya zamu, na kutoka orodha ya zamu hadi kwenye kompyuta ya mapokezi, mpaka hoteli nzima ikawa haina Kovalenko mwanamke. Nilimwambia apinge. Akaniambia, "Wewe pinga huko chuoni, mimi nina mashuka." Nilimwona mnyonge siku hiyo. Kumbe alikuwa amechoka kubishania kitu ambacho hakikupaswa kubishaniwa.

Tarehe 5 Novemba 2017, siku ya Jumapili, asubuhi, alianguka kazini kwa kiharusi, akakimbizwa hospitali, na kitambulisho chake mfukoni kikasema kweli, Kovalenko, hivyo hospitali ikamwandika Kovalenko na kuuliza hoteli ndugu zake ni akina nani. Ofisi ya wafanyakazi ya hoteli, badala ya kufungua faili lake ambamo jina langu lipo, ikakumbuka kwamba jikoni yupo Kovalenko, mpishi wa mikate, ikampigia, naye Kaka Dmytro, ambaye hajawahi kushuka chumba cha dobi, akajibu ukweli, kwamba hana ndugu Dubai. Basi wakaandika hana ndugu, khalas, wakawaambia wenzake wa dobi kwamba ofisi inashughulikia, wakarudi kunywa chai.

Mimi ninakaa hosteli ya chuo Sharjah siku za masomo, na nilipompigia jioni ile simu ikaita tu, kwa sababu ilikuwa imefungiwa kabatini kazini. Jumatatu nikapigia hoteli nikasema namtafuta Kovalenko wa dobi, kwa kuwa Ollie sikukubali kulitamka, mapokezi wakaniambia, "Dobi hatuna Kovalenko, tunaye wa jikoni, mwanamume, nikuunganishe naye?" Nikasema huyo si mama yangu. Msichana wa mapokezi akacheka kidogo. Sijasahau kile kicheko, na sidhani nitakisahau.

Siku hiyo hiyo Wanjiku, tunayekaa naye nyumba moja Al Baraha, na Jairus, mlinzi wa jengo letu, walizunguka hospitali wakimwulizia, na walifika hata ile aliyolazwa, wakaulizia Auleria Nabwire kwa kuwa ndivyo sisi kwa sisi tunavyomwita, wakaambiwa hayupo. Wanjiku hakukata tamaa, akakumbuka kwamba jina la mume linaanza na Kova, na yule wa dirishani akapitia orodha yake, akaliona jina, Wanjiku alimwona akiliona, kisha akasema, "Huyu ni Mrusi, si wenu, yalla, wacheni foleni isonge." Mama yangu alikuwa ghorofa ya pili. Wanjiku, nimekuambia nyumbani na narudia hapa mbele ya watu, hukukosa lolote, acha kujilaumu. Aliyekosa ni mtu aliyekuwa na jina mbele ya macho yake akaamua rangi yake bila kwenda kumtazama mgonjwa.

Jumanne nilishinda polisi na katika hospitali nyingine. Na jioni hiyo, bila kutumwa na mtu, Kaka Dmytro alimaliza zamu yake akapanda teksi akaenda kumtazama huyo Kovalenko aliyemkana. Ameniambia alishindwa kukanda unga, alikuwa akiwaza kwamba kuna mtu amelala mahali anaitwa kama baba yake anavyoitwa, na yeye amesema simjui. Akafika akamkuta mama wa Samia. Muuguzi Virginia, Mfilipino, ambaye naona amekuja, alimwuliza ni nani wako, naye akaonyesha kadi yake, akasema, "Kovalenko," na Virginia akamsogezea kiti.

Mama mdomo ulikuwa umepinda, maneno yanatoka moja moja, lakini aliposikia Kiukraine alifumbua macho, akamwuliza kwa lugha hiyo ya mumewe swali ambalo Mkenya yeyote angeuliza, wewe ni Kovalenko wa wapi. Kaka Dmytro akasema wa Kharkiv, babu yake alikuwa mhunzi kweli. Mama akacheka upande mmoja wa uso. Kisha akamshika mkono, akamwandikia namba yangu ya simu kiganjani kwa kidole, tarakimu baada ya tarakimu, akikosea anaanza upya, na simu yangu ikalia, nikasikia sauti nzito nisiyoijua ikisema kwa Kiingereza kibovu, "Wewe Kovalenko? Mimi pia Kovalenko. Njoo."

Nilimkuta anapumua lakini hasemi tena. Macho yalinijua. Alifariki alfajiri ya Jumatano, tarehe 8 Novemba 2017, mkono mmoja nimeshika mimi, mwingine ameshika mpishi wa mikate asiye na undugu naye hata kidogo. Nilikuwa na mambo ya kumwambia na yeye alikuwa na ya kuniambia, tulikuwa na Jumapili yote, Jumatatu yote, Jumanne yote mpaka jioni, na wote wawili tulikuwa ndani ya nchi ambayo mtu huvuka kutoka mji hadi mji kabla chai haijapoa. Hizo siku sizisamehe. Padre ameniomba nisamehe, nimemsikia, labda baadaye.

Sasa Mjomba Zedekiya, nakuheshimu, umeacha shamba na ng'ombe ukaja kumchukua dada yako, na leo usiku utasafiri naye nami nitakuwa ubavuni mwako. Lakini juzi, mbele ya Wanjiku, ulisema jina la Kovalenko lilikufa na mwenyewe, kwamba jina la mzungu halizikwi Samia, na nilipobisha ukageuza, ukasema ubao wa msalaba ni mfupi, jina halitatosha, fundi Funyula anangoja simu yako apake rangi. Ndiyo sababu hata hiyo karatasi ilichapishwa nusu nikiwa chumba cha maiti. Mjomba, hapa walimkata jina wakamwita Ollie, tukampoteza akiwa ghorofa ya pili. Sasa na sisi tumkate upande wa pili ndipo tumlaze?

Na nikuulize, kwa adabu zote, ulipokuwa mdogo ukitumwa sokoni Funyula, watu walikuwa wakikuitaje? Umenisimulia mwenyewe. Mtoto wa kwa mhunzi. Nenda Poltava, waambie hilo kwa lugha yao, watakujibu wewe ni Kovalenko. Ndicho baba yangu alichoona kule darini mkadhani anakosea Kiswahili. Mama hakubadilisha ukoo siku ile ya ndoa, alitafsiriwa tu.

Familia inawashukuru madaktari waliofanya walichoweza, muuguzi Virginia aliyetoa kiti bila kuuliza mara mbili, Wanjiku na Jairus waliozunguka mji kwa miguu, majirani wa Al Baraha ambao hawajaniacha nilale peke yangu, wenzake wa idara ya dobi ambao jana waliing'oa ile beji kwenye sare yake kabla hawajaikunja kunikabidhi, na Kaka Dmytro, ambaye nimemwomba mbele ya jeneza asogee benchi la mbele, na bado hajasogea, tafadhali mtu amwinue. Uongozi wa hoteli umeleta shada la maua lenye maandishi kwa Ollie, nimeliacha nje.

Mjomba, ibada ikiisha mpigie fundi. Ni herufi tisa, K, O, V, A, L, E, N, K, O. Ubao usipotosha, mwambie aongeze ubao.

Mama, Auleria Nabwire Kovalenko, binti wa kwa mhunzi, mke wa mtoto wa mhunzi, sasa unaitwa jina lako lote. Pumzika.