Niliyakariri Masharti Yote, Nikashindwa Kumjibu Mtoto Mgonjwa

Kosa nitakaloliweka wazi mbele yenu leo ni kiburi cha mtu asiyekubali kusikika akikosea. Simsemi jirani wa mtu yeyote, mama zangu. Kosa hilo liliishi ndani yangu mimi, likajivika elimu, nami nikaliheshimu kwa muda mrefu.

Wengi wenu mnanifahamu kama mwalimu wa madrasa aliyetoka Bwera. Marehemu mume wangu aliendesha lori kati ya Mpondwe na Kampala. Alipofariki nilihamia hapa Nyamwamba na binti yangu Sauda, tukapanga chumba kando ya kambi ya askari. Kufundisha madrasa hakukutosha kutulisha. Kisha nikasikia kwamba shule moja ya bweni inatafuta mlezi wa wasichana, yule tunayemwita matroni. Kazi hiyo ilikuwa na nyumba yake, mahali ambapo mimi na Sauda tungeishi pamoja. Sharti lake ni kwamba usaili ungefanyika kwa Kiingereza.

Ndugu zangu, nawaambia, sikuogopa hata kidogo. Nimelelewa katika kukariri. Kitabu nikikishika, hakinitoki. Nilijiunga na darasa letu hili la jioni la Kiingereza, na tulipofikia sentensi za masharti nilifurahi kuliko wote. Niliona kwamba Kiingereza, kama Kiswahili chetu, hutenga jambo linaloweza kutokea, jambo la kuwaza tu, na jambo lililokwisha kupita ambalo majuto hayalirudishi. Nikaikariri sura yote na mifano yake. Lakini mwalimu alipotutaka tuulizane wawili wawili, nilikataa. Nilimwambia kwamba mtu wa umri wangu hachezi maswali. Ukweli ni kwamba wake wa askari tuliosoma nao walikuwa wakikosea na kuangua kicheko, nami sikuwa tayari kuchekwa.

Siku ya usaili, mwenyekiti, mama mpole mwenye miwani, aliniuliza kwa Kiingereza, "Kama msichana angeugua usiku na muuguzi hayupo, ungefanya nini?"

Nikasimama wima. Nikaanza kumsomea kanuni, neno kwa neno. Nikafuatisha mfano wa kitabuni, ule wa bwana ambaye, kama angekuwa tajiri, angenunua nyumba kubwa.

"Mama," akasema taratibu, "hatukuuliza habari za nyumba. Mtoto ni mgonjwa."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nafasi akapewa mwingine. Nikaacha kuja hapa darasani, nikawaambia watu kwamba wasaili wa siku hizi hawana heshima kwa elimu. Kodi ilinishinda, chakula kikawa cha kubahatisha, na mwishowe nikampeleka Sauda Katunguru kwa shangazi yake. Sikumwuliza anaonaje. Nilimfungia nguo zake, nikamwambia awe na adabu.

Wakati huo alikuja mlangoni mwangu jirani mmoja, mke wa askari, mzaliwa wa kaskazini, mwenzetu wa darasa. Alibeba beseni la ndizi za matoke.

"Mama Sauda, nimekuja tumenye hii ndizi. Na tutaongea Kizungu."

"Sina hamu," nikamjibu.

"Mimi siulizi hamu. Nauliza kisu iko wapi."

Akaketi. Akatoa amri yake: mmoja anauliza, mwingine anajibu kabla ndizi aliyoishika haijaisha kumenywa. Anayetoa jibu la kitabuni anaongezewa ndizi. Nawaambia, mama zangu, nilimenya! Familia yake haijapata kula mapema kama majuma yale. Aliniuliza kwa Kiingereza chake chenye makengeza: mvua ikianza sasa, tutakimbilia wapi? Makaa yakiisha, tutapikia nini? Mzee wake akihamishwa kesho, nani atabaki na kuku wake? Nikikosea, alicheka. Nikakasirika.

"Cheka na wewe!" akaniambia. "Mimi nikikosea, si unacheka ndani ya roho?"

Alisema kweli. Nikachukua ndizi nyingine.

Siku moja akauliza, "Msichana wa shule akikuletea siri yake, ungefanya nini?"

"Ningemwadhibu," nikajibu upesi, kwa Kiingereza kisicho na doa.

Kisu chake kikasimama. "Siri gani?"

Nikaendelea kumenya.

"Haiya! Unachapa mtoto na siri bado iko ndani ya mdomo yake! Afande, hiyo ni kesi ama ni mtoto?" Kisha akashusha sauti. "Sasa ondoa huyo. Weka Sauda. Sauda ndiye amesimama hapo mlangoni."

Nilitazama mlango. Ndizi yangu ikaisha kumenywa, naye hakuniongezea nyingine. "Ningeketi," nikasema hatimaye. "Ningeketi kwanza." Nikakosea kitenzi, nikajua nimekosea, nikakirekebisha nikaendelea: ningemwuliza, ningesubiri, nisingepandisha sauti. Machozi yalinitoka, na maneno yakaja hivyo hivyo, yakigongana. Hapo nikaelewa nilichokuwa nikifundishwa. Anayesema "kama" anatakiwa aingie kwanza katika jambo analolisema, alitazame, ndipo afungue kinywa. Mimi nilikuwa nimesimama nje nikilinda heshima yangu.

Nikarudi hapa darasani. Mnakumbuka jinsi nilivyokosea kwa sauti kubwa, na jinsi mlivyocheka, nami nikacheka nanyi. Mwisho wa muhula yule mlezi aliyepewa nafasi ile akaacha kazi, nikaomba tena. Mwenyekiti yule yule akaniuliza ningefanya nini kama msichana angekataa chakula siku nzima. Nikajibu kwamba ningemwuliza tukiwa wawili tu.

"Na kama angekataa kusema?"

"Ningeleta sahani yangu," nikasema, "nile karibu naye." Nilikosea neno moja, nikalirudia. Aliandika kitu, akatabasamu.

Leo naishi katika nyumba ya mlezi, na Sauda yupo nami. Nilikwenda mwenyewe Katunguru kumchukua. Safari hii nilimwuliza kwanza kama anataka kurudi, na nilisubiri jibu lake.

Funzo langu ni fupi. Someni kanuni, kwa maana bila kanuni mtatangatanga. Lakini zitoeni kinywani mbele ya watu, mkosee, mrekebishwe, mseme tena. Anayelinda ulimi wake usikosee huulinda pia usimsaidie mtu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mwalimu wetu aliyenipokea tena bila kunisuta, na wifi yangu wa Katunguru aliyemlea mwanangu kama wake. Na yule jirani ananikonyeza kutoka benchi la nyuma nisimtaje. Leo sitamtii. Anaitwa Beatrice Auma.